Vitenzi vya Mageuko na Majumba ya Upanga

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake ya historia kwamba mwaka 1971 majumba ya Upanga "yakawa mali ya Serikali". Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Kasoro imo katika historia yake. "Yakawa" lafaa kwa maziwa yaliyoachwa usiku yakaamka mgando: jambo limetukia, wala hapana aliyelitenda. Majumba yale hayakuamka hivyo. Bunge lilipitisha sheria mwezi wa Aprili mwaka ule, Serikali ikatwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya kupita shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akawekwa kuzisimamia.

Waandishi wengi husema "zilitaifishwa". Neno hilo ni fasaha, nalo limeundwa kwa taifa na kiambishi cha kutendesha. Lakini lamtaja aliyepata, lamfunika aliyepoteza. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa Mtanzania wa asili ya Kihindi, angesema "nimenyang'anywa". Mtetezi wa Azimio la Arusha angesema "tumekomboa". Mimi kwa upande wangu napendelea "zilitwaliwa", kwa kuwa halilii wala halishangilii, nalo lamlazimisha mwandishi aeleze zilitwaliwa na nani, kutoka kwa nani.

Kihispania kina vitenzi kadhaa mahali ambapo sisi twaridhika na "kuwa". Hacerse ni la mtu anayejifanya kuwa kitu kwa jitihada au hiari, kama awavyo tabibu au aingiapo dini nyingine. Ponerse ni la hali ipitayo, kama uso kuiva kwa haya. Volverse ni la badiliko lililozama, kama kuingia wazimu. Quedarse ni la hali imbakiayo mtu baada ya msiba, kama ujane au upofu. Wageni wajifunzao lugha hiyo hulalamika. Mimi nawaonea kijicho, ingawa si sana, kwani hazina yetu imo ndani ya kitenzi chenyewe. Nene hutoa nenepa, mzee hutoa zeeka. Aliyesilimu ametenda mwenyewe, aliyesilimishwa ametendwa. Tena lugha ngapi zaweza kusema "amefiwa" kwa neno moja, zikamweka aliyebaki mahali pa mtendwa wa kifo cha mwingine?

Tukivuka kwenda Kariakoo twakuta mfano mwepesi. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, na kikosi chao cha wapagazi kikapiga kambi pale. Kambi iliondoka, jina likabaki. Hapo "likabaki" latosha, maana hapana aliyeamuru. Lakini soko la leo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, halikutokea: lilijengwa. Na Upanga haikugeuka makazi ya Wahindi kwa bahati. Wakoloni waliupanga mji kwa rangi za watu.

Mwanafunzi wangu alirudi na sentensi mpya: majumba yalitwaliwa na Serikali kutoka kwa wenyewe, nao wapangaji wakaendelea kulipa kodi, ila sasa kwa Msajili, mpaka mwaka 1990 kazi hiyo ilipokabidhiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nilimwuliza wenye nyumba je, wao walikuwaje? Alifikiri kitambo, kisha akaomba apewe juma moja zaidi.