Uwanja Uliongoja Timu: Historia ya Mpira wa Kigoma Kutoka Milimani

Katika kata ya Nyakitonto, wilayani Kasulu, mpira unachezwa kama unavyochezwa Uha nzima, nchi ya Waha mkoani Kigoma. Kiwanja ni cha shule, magoli ni miti ya mkaratusi, mistari ni ya majivu yaliyokusanywa jikoni asubuhi ya mechi. Nchi yetu ni ya milima, kwa hiyo kiwanja kisicho na mteremko ni adimu, na nahodha akishinda kurusha shilingi huchagua kupanda kipindi cha kwanza ili miguu itakapochoka ateremke. Zawadi ya mashindano ni mbuzi, na mwaka ambao mahindi na maharage yamekubali huwa ng'ombe. Hapo ndipo wachezaji wa Kigoma wanapoanzia. Uwanja wenye jukwaa uko mbali, kule ziwani.

Uwanja huo ni Lake Tanganyika, mjini Kigoma, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1914. Kwa mtu wa Kasulu, kwenda kuangalia mechi pale kulikuwa safari ya vumbi au ya matope, kutegemea msimu, hadi lami ya Kidahwe–Kasulu, kilometa 63, ilipokamilika. Kabla ya hapo mpira wa daraja la juu ulitufikia kwa sikio. Redio Tanzania ndiyo iliyotangaza, na kuanzia miaka ya 1990 Radio Kwizera ya Ngara ikasikika hadi huku. Baadaye vikaja vibanda umiza: banda la mabati, mabenchi, king'amuzi kimoja, watu wamebanana hadi mlangoni.

Jambo la kushangaza katika historia hii ni kwamba kwa miaka mingi mkoa ulikuwa na uwanja lakini haukuwa na timu ya Ligi Kuu ya kuutumia. Wachezaji walikuwepo, ila walikwenda kuchezea miji ya wenzao. Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, ndiye aliyesimama golini Simba ilipoivua ubingwa wa Afrika Zamalek mjini Cairo kwa penalti, Agosti 2003. Septemba 2019, umri umekwenda, akaitwa tena Taifa Stars kwa mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi, majirani zetu kabisa. Bujumbura ikawa 1–1, Dar es Salaam 1–1, na kwenye penalti Tanzania ikashinda 3–0. Burundi hawakupata hata moja. Huku mpakani ushindi ule ulikuwa na ladha yake, kwa kuwa sokoni kesho yake unakutana na Mrundi uso kwa uso, mnauziana ndizi na mnazungumza lugha zinazosikilizana.

Kwa nini timu za mikoani hazikudumu? Sababu moja ni namna zilivyozaliwa. Nyingi zilitegemea mashirika ya umma: reli, bandari, pamba, kampuni za biashara za mikoa. Shirika likiyumba, timu nayo inayumba. Pamba ya Mwanza, iliyowahi kutisha nchi nzima, ilizama ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Zilizobaki imara ni zile za majeshi, kwa kuwa kambi haifungwi kirahisi na mchezaji ana mshahara wake.

Kwetu milimani timu ya aina hiyo ilikuwa JKT Kanembwa, kutoka kambi iliyoko Kakonko, eneo lililokuwa sehemu ya Kibondo kabla wilaya haijagawanywa. Ilifika Ligi Daraja la Kwanza, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu, na ilikuwa fahari ya kweli. Kisha ikaja Februari 2016. Siku ya mwisho ya kundi lake, Geita Gold na Polisi Tabora zikikimbizana kwa idadi ya mabao kuwania kupanda, Kanembwa ikafungwa na Geita 8–0, na JKT Oljoro ikafungwa na Polisi Tabora 7–0. Shirikisho la soka, TFF, likaamua kwamba matokeo yalipangwa, likazishusha madaraja timu zote nne. Nafasi ya kupanda ikaiangukia Mbao FC ya Mwanza, ambayo mwaka mmoja baadaye ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba. Nasema bila kuficha: kwa mpira wa Uha hilo ndilo pigo kubwa kuliko yote, kubwa kuliko kukosa barabara. Barabara hujengwa. Kijana wa Kibondo aliyekuwa akiitazama Kanembwa kama ngazi yake alibaki bila ngazi.

Ngazi nyingine ilikuwa imeanza kujengwa Kigoma mjini, nayo ni ya jeshi. Mashujaa FC ilijulikana nchi nzima tarehe 26 Desemba 2018. Siku tatu kabla yake Simba ilikuwa imeitoa Nkana ya Zambia na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikashuka Uwanja wa Taifa kucheza na timu ya madaraja ya chini kutoka mwisho wa reli, ikafungwa 3–2 na kutolewa Kombe la Shirikisho. Watu wa Dar es Salaam waliuliza Mashujaa ni nani. Huku hakuna aliyeuliza.

Halafu tarehe 25 Julai 2021 Dar es Salaam yenyewe ikaja kwetu. TFF ilikuwa na utaratibu wa kuipeleka fainali ya kombe hilo mikoani: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020. Safari hii ikaangukia Lake Tanganyika, tena Simba na Yanga, watani wenyewe. Tarehe 3 mwezi uleule Yanga ilikuwa imeshinda 1–0 Dar es Salaam kwa bao la Zawadi Mauya, kwa hiyo Simba walikuja na deni. Wengine walitoka milimani tangu jana yake, ndani ya Hiace na juu ya malori, na nyumba za ndugu mjini zikafurika wageni. Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wa Yanga, Mkongo, alionyeshwa kadi nyekundu baada ya kumpiga kiwiko John Bocco. Yanga wakashikilia wakiwa kumi. Dakika ya 79 Luis Miquissone akapiga kona, Taddeo Lwanga, kiungo kutoka Uganda, akaruka na kuuweka mpira wavuni kwa kichwa. Simba 1, Yanga 0. Mganda, Mkongo na mtu wa Msumbiji ndio walioamua fainali ya Watanzania, katika mji ambao hali ya hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa.

Miaka miwili baadaye, Juni 2023, Mashujaa wakaitoa Mbeya City kwenye mchujo na kupanda Ligi Kuu. Uwanja ukapata mwenyeji. Msimu wao wa kwanza, Aprili 2024, Simba wakaja tena kwa mechi ya kombe. Dakika 90 zikaisha 1–1, zikapigwa penalti, Mashujaa wakashinda 6–5. Mara ya pili kwa kombe lilelile, na safari hii nyumbani.

Lakini Lake Tanganyika si mali ya Mashujaa, wala ya manispaa. Ni mali ya CCM, kama Sokoine ya Mbeya, Kirumba ya Mwanza, Ali Hassan Mwinyi ya Tabora na Majimaji ya Songea. Vingi kati ya viwanja hivi vilijengwa enzi za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa chama. Timu ni mpangaji, na nyasi zikikauka huwa haieleweki haraka nani anunue pampu.

Kumiliki nako kuna hatari yake.  Wigan, klabu ya raga ya kaskazini mwa Uingereza, ilicheza kwenye uwanja wake, Central Park, tangu 1902 hadi 1999. Uwanja ukauzwa, pakajengwa duka kubwa la Tesco, na timu ikahamia uwanja unaotumiwa pia na klabu ya soka ya mji. Kule timu ilibaki, uwanja ukaondoka. Kwetu uwanja ulibaki, na timu ndiyo iliyochelewa.

Hofu yangu haiko Kigoma mjini. Iko kwenye viwanja vya majivu. Miji ya Kasulu na Kibondo inapanuka, watu wa vijijini wanaongezeka, na kiwanja ambacho hakikuandikwa popote huliwa pembeni kidogo kidogo: kwanza kibanda, kisha shamba la mihogo, mwisho msingi wa nyumba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja kwa idhini ya mkutano mkuu na kuiandika kwenye daftari. Mpango wa matumizi ya ardhi unapoletwa kijijini, watu husimama kutetea malisho, chanzo cha maji na makaburi. Kiwanja cha mpira nacho kisemewe siku hiyohiyo, kipimwe, kiingizwe kwenye daftari kabla mkutano haujafungwa.