Kupanga Nyumba Kupitia Dalali: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa Kodi

Na Mwandishi Wetu

Katika miji mingi ya Tanzania Bara, njia ya kuifikia nyumba ya kupanga hupitia kwa dalali. Anayetafuta chumba Sinza au Mbagala jijini Dar es Salaam, Nkuhungu jijini Dodoma au Nyegezi jijini Mwanza huelekezwa kwake na wenyeji wa mtaa, au humpata kupitia matangazo ya mitandao ya kijamii. Huduma hiyo ina manufaa yake, kwa kuwa dalali hujua vyumba vilivyo wazi, bei za mtaa na hata tabia za wenye nyumba.

Hata hivyo, fedha zinazopita katika shughuli hiyo si haba. Kwa mfano, chumba na sebule kinachopangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi 6, kitamgharimu mpangaji shilingi 900,000. Akiongeza malipo ya dalali, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, atakuwa ametoa shilingi 1,050,000 kabla hajahamisha hata godoro. Fedha hizo zikiingia mikononi mwa mtu asiyehusika na nyumba, kuzirejesha ni kazi ya miezi, na mara nyingine haiwezekani kabisa.

Dalali na mamlaka yake

Neno dalali hutumika kwa watu wa kazi tofauti. Yupo dalali wa mnada, yupo dalali wa mahakama anayeteuliwa kutekeleza amri za Mahakama, na yupo dalali wa nyumba, ambaye kazi yake ni kuwakutanisha mwenye nyumba na mpangaji. Huyu wa mwisho hana mamlaka ya kufunga chumba kwa kufuli, kuzuia vyombo vya mpangaji wala kumtoa mtu kwa nguvu, hata kama ametumwa na mwenye nyumba. Jambo hili linasisitizwa kwa sababu wapo wapangaji wanaohama usiku kwa vitisho vya mtu asiye na amri yoyote mkononi.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtambua wakala kuwa ni mtu anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine aliyemwidhinisha. Idhini hiyo yaweza kuwa ya maandishi au ya maneno, na ndani ya mipaka yake matendo ya wakala humfunga aliyemtuma. Asiye na idhini hamfungi mtu, na anayejifanya wakala wa mwingine huwajibika kufidia hasara iliyotokana na uongo wake. Kwa mpangaji, maana yake ni kwamba swali la kwanza kumuuliza dalali ni nani aliyemtuma na kwa kazi ipi. Kuonyesha chumba ni kazi moja, kupokea kodi ni nyingine. Madalali wengi wameruhusiwa ya kwanza tu.

Aidha, kwa amri iliyotolewa Julai 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, udalali wa biashara na wa nyumba ni miongoni mwa shughuli 15 ambazo asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kuzifanya.

Kuthibitisha mwenye nyumba

Ulaghai mwingi katika upangaji hauhitaji ujuzi mkubwa. Chumba kimoja huonyeshwa watu wanne, wote wakalipa, kisha wakakutana mlangoni siku ya kuhamia wakiwa na magodoro yao. Au mpangaji anayekaribia kuhama hujitambulisha kuwa ndiye mwenye nyumba. Au mwombaji huambiwa kuwa mwenye nyumba yuko safarini nje ya nchi, na kwamba ipo familia nyingine inayokuja kulipia jioni hiyohiyo. Haraka hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutilia shaka. Mwenye nyumba halali hapotezi kitu kwa kungoja hadi kesho asubuhi.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji au mjumbe wa eneo husika kwa kawaida humfahamu mmiliki wa nyumba, na hufahamu pia kama nyumba hiyo ina mgogoro wa kifamilia. Majirani na wapangaji wa vyumba vingine nao waulizwe: kodi hulipwa kwa nani, na aliyekaa chumba hicho ameondoka kwa sababu gani? Stakabadhi ya umeme wa LUKU huonyesha jina lililosajiliwa kwenye mita. Jina hilo laweza kuwa la mmiliki wa zamani au la marehemu, hivyo si uthibitisho wa umiliki, lakini likitofautiana na la anayedai nyumba ni yake, mpangaji amepata swali la kuuliza.

Nyumba ya urithi inahitaji uangalifu wa pekee. Mwenye haki ya kuipangisha kabla ya mgawanyo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama, naye ana barua ya uteuzi. Mtoto mmoja wa marehemu kuchukua kodi ya miezi 6 bila ridhaa hiyo ni mlango wa mgogoro ambao mpangaji atajikuta katikati yake. Vilevile Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, inamzuia mwanandoa kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Pale ambapo vyumba vinavyopangishwa vimo ndani ya nyumba wanamoishi mume na mke, ni busara wote wawili wakatia saini.

Kuhusu nyumba za umma, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) na Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) wana ofisi zao za kupangisha. Anayeuziwa "nafasi" katika nyumba ya NHC na mtu aliyekutana naye barazani anapaswa kufika ofisi za Shirika kabla ya kutoa hata shilingi.

Malipo ya dalali

Mazoea ya kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja yametokana na desturi ya soko, hivyo kiasi hicho kinaweza kujadiliwa. Ifahamike pia kwamba dalali anayelipwa kwa kipimo cha kodi ya mwezi hufaidika kadiri kodi inavyokuwa kubwa. Hili si kosa lake, ila mpangaji asimtegemee yeye katika kuomba punguzo. Bei izungumzwe na mwenye nyumba mwenyewe.

Wapo pia wanaodai fedha ya kuonyesha chumba, kila nyumba kwa malipo yake. Makubaliano yafanyike kabla ya kuanza safari: ni kiasi gani, ni kwa nyumba ngapi, na je, kitakatwa kwenye malipo ya mwisho? Dalali anayezungusha watu kwenye vyumba vilivyokwisha kupangishwa ili akusanye fedha hiyo hatambuliki kwa urahisi mpaka mwombaji awe amelipa mara tatu au nne.

Malipo makuu ya dalali yalipwe baada ya mkataba kusainiwa na ufunguo kukabidhiwa. Kodi itakapohuishwa baada ya miezi 6 au mwaka, dalali hana dai jipya isipokuwa kama iliandikwa hivyo tangu mwanzo.

Kodi ilipwe kwa nani

Kodi ya pango ilipwe kwa mwenye nyumba, kwa akaunti ya benki au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Katika huduma za fedha kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuthibitisha muamala. Lilinganishwe na jina lililo kwenye kitambulisho na kwenye mkataba. Ikiwa mwenye nyumba ameamua kodi ipokewe na dalali au ndugu yake, aandike na kusaini hivyo ndani ya mkataba wenyewe.

Wananchi wengi wamewahi kupokea ujumbe wa simu wa mtu anayejifanya mwenye nyumba na kuelekeza kodi itumwe kwenye namba nyingine. Ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwa maelfu ya watu kwa kubahatisha, na humnasa yule ambaye kodi yake imekaribia kwisha. Asitume fedha kabla ya kumpigia mwenye nyumba kwa namba anayoifahamu. Namba za matapeli huripotiwa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Ni kawaida dalali kuomba nakala ya kitambulisho cha Taifa. Mwenye haki ya kuihitaji ni mwenye nyumba na ofisi ya mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zisitumike kwa jingine. Mwombaji ambaye bado anazungushwa kuonyeshwa vyumba hana sababu ya kuacha nakala yake.

Mkataba na yaliyomo

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaruhusu upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja kufanyika kwa mdomo au kwa maandishi. Mkataba wa mdomo, kwa hiyo, si batili, lakini kuuthibitisha mbele ya Baraza ni shida, hasa pale shahidi pekee anapokuwa dalali ambaye simu yake haipatikani tena. Maandishi ya ukurasa mmoja yanatosha, yakitaja majina ya pande zote, vyumba husika, kiasi cha kodi na muda wake, fedha ya dhamana kama ipo na masharti ya kuirejesha, nani anagharamia matengenezo, na muda wa notisi. Mkataba wa pango umo pia katika nyaraka zinazotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu, na usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ulipiwe.

Tangu Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, kiwango cha kodi hutegemea makubaliano. Ndiyo maana kifungu cha kupandisha kodi kinastahili kusomwa mara mbili: inapanda lini, kwa kiasi gani, na kwa taarifa ya muda gani.

Yapo mambo ambayo Sheria ya Ardhi inayaweka hata kama mkataba umenyamaza. Mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa amani bila kuingiliwa. Pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa vyumba vingi vya mijini, mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na maeneo ya matumizi ya pamoja. Na kwa upangaji usio na muda maalumu, notisi isipungue kipindi cha malipo: anayelipa kwa mwezi hupewa angalau mwezi mmoja.

Kodi za Serikali nazo zinahitaji ufafanuzi. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango ni ya mwenye nyumba; mpangaji anayetakiwa kuizuia huikata ndani ya kodi aliyokubaliana, haiongezi juu yake. Kodi ya jengo ni wajibu wa mmiliki pia, ingawa tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji, akubaliane na mwenye nyumba jinsi ya kurejeshewa. Nyumba iliyokaa wazi miezi kadhaa huwa imelimbikiza deni kwenye mita, na mpangaji mpya hulikuta anaponunua umeme kwa mara ya kwanza. Anunue umeme kidogo siku ya kukagua nyumba, mwenye nyumba akiwapo, na aombe kuona bili ya mwisho ya maji.

Mgogoro ukitokea

Fedha ikichukuliwa na mtu aliyedanganya kuwa na nyumba au idhini, hilo ni kosa la jinai la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na linaripotiwa kituo cha Polisi. Mlalamikaji afike na ujumbe wa muamala, picha za tangazo, namba za simu alizotumia na mazungumzo yote bila kuyafuta.

Mgogoro kati ya mpangaji na mwenye nyumba halali hufuata njia nyingine. Huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 hufanya usuluhishi pekee. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri humwelekeza waliko.