Ganzi ya vidole: ni lini mkono unahitaji upasuaji?

Je, unaamka usiku vidole vikiwa na ganzi au vinachoma, hadi ukung'ute mkono? Ikiwa ni dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Huwapata zaidi wanawake, hasa wajawazito, na watu wenye kisukari.

Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mara nyingi tiba ya kwanza ni kifaa cha kunyoosha kifundo unapolala, au sindano. Kwa wajawazito wengi, hali hii huisha baada ya kujifungua.

Omba rufaa mapema ikiwa ganzi haiishi, vitu vinakuponyoka, au nyama ya chini ya dole gumba inapungua. Ukichelewa, nguvu ya mkono inaweza isirudi yote.

Kwenye upasuaji, utachomwa sindano ya ganzi mkononi na kubaki macho. Daktari hukata utepe mgumu unaobana mshipa. Kwa kawaida huchukua chini ya nusu saa, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Baadaye:
- Kunja na kunjua vidole kila siku.
- Usiloweshe kidonda. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.
- Usilime wala kubeba ndoo ya maji kwa wiki 4 hadi 6. Tafuta msaidizi kabla ya upasuaji.
- Ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka au homa, rudi kituoni mara moja.