Barabara za Ngamiani na Nyumba Zake

Mtu akiuliza njia ya kwenda kwa jamaa yake Ngamiani, katika mji wa Tanga, hatajiwi jina la mfalme wala la liwali. Hutajiwa hesabu: barabara ya nane, au ya kumi na mbili. Vichochoro vya miji ya kale ya pwani hupinda kwa kuzifuata nyumba, bali barabara za Ngamiani zimenyoshwa kama mistari ya daftari, na nyumba ndizo zilizozifuata. Mpango huo ulitoka kwa wakoloni.

Mwaka 1893 Wajeremani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ikafika Muheza mwaka 1896, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta mkonge. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, na kwayo yakazaliwa mashamba makubwa. Basi reli ilileta kazi, tena iliukata mji. Upande wa bahari yakawa maofisi, bandari na nyumba za Wazungu. Ng'ambo ya reli, Ngamiani, wakakaa Waafrika. Wabondei, Wadigo, Wasegeju, Wazigua na Wasambaa walikutana huko na watu waliotoka mbali kutafuta mshahara.

Wageni hao walilala wapi? Nyumba yenyewe ilikuwa jawabu. Ilijengwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Katikati pana ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, na nyuma ua wa kupikia. Kwa hiyo mwenye nyumba, hata akiwa mjane, aliweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Mbele ilikuwa baraza, na hapo mtu wa bara alijifunza kuamkia wakubwa na kusema Kiswahili cha pwani.

Serikali zilipita. Waingereza walishindwa Tanga Novemba 1914, wakaitwaa Julai 1916. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Majina yenye kusifu watawala hushuka pamoja na bendera zao, walakini hesabu haina bwana, wala hakuna aliyeona haja ya kuibadili.

Kilichobadilika ni nyumba. Makuti yalitoa nafasi kwa mabati, na udongo kwa matofali ya saruji. Hata biashara ya mkonge ilipoanguka, kwa kushindana na nyuzi za viwandani, vyumba viliendelea kupata wapangaji. Siku hizi mahali pengine pamesimama ghorofa, na palipokuwa baraza pana mlango wa duka.

Tusiwalaumu wajengao. Nyumba ya udongo hudai kukandikwa tena baada ya mvua, na warithi wakiwa wengi haigawanyiki. Huuzwa, wakagawana fedha. Lakini nyumba ikibomolewa, habari zake hazibaki katika hesabu ya barabara. Namba yatuonyesha mahali tu. Haituambii ni nani aliyejenga, ni nani aliyepokewa, wala alitoka wapi.

Kwa hiyo yatupasa sisi tujuao kusoma na kuandika kuwauliza wazee wangali hai, na kuziandika habari hizo katika daftari la jamaa, kabla hati ya kuuza haijatiwa sahihi. Warithi wakishagawana fedha za nyumba, hilo daftari ndilo urithi watakaobaki nao wote pamoja.