Makumbi Yaliyoshona Vyombo

Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo kisiwani Mafia, tui huenda chunguni na mbata huenda sokoni. Makumbi hutupwa uani yakingoja kuwa kuni. Kuni! Zamani pwani nzima ilisafiria takataka hizo.

Mgiriki mmoja wa karne ya kwanza, katika mwongozo wake wa safari za Bahari ya Hindi, anataja kisiwa cha Menuthias na vyombo vyake vya kushonwa. Wataalamu hubishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia, na Wamafia hawana sababu ya kukubali kushindwa mapema. Vyombo vya aina hiyo havikupigwa misumari. Katika mtepe, wa mwisho wa ukoo huo, mbao zilitobolewa zikashonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi.

Ibn Battuta alifika Kilwa, kusini mwa Mafia, mwaka 1331. Miaka kumi na kitu baadaye, akiwa Maldivi, alieleza kazi yenyewe: makumbi huvundikwa kwenye mashimo ufukweni, hupigwa kwa magongo, kisha wanawake husokota kamba. Wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, wameirithi kazi hiyohiyo.

Shimoni, chini ya tope, hewa haipenyi. Bakteria wasiohitaji oksijeni hula pektini, gundi inayoshikanisha nyuzi. Nyuzi zenyewe zimejaa lignini, hawaziwezi. Maji yakijaa na kupwa huondoka na tanini. Miezi ikipita, kumbi hulegea, likapigwa na kuachia usumba. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, dalili kwamba kazi inaendelea.

Mwaka 1890 Mafia ilitoka kwa Sultani wa Zanzibar ikaingia kwa Wajerumani. Ukisoma habari za enzi hiyo na za Waingereza waliofuata, utachoka kusoma mbata. Wasokota kamba huwaoni. Kisha nailoni ikaja ikamaliza ubishi.

Wahindi hawakuacha. Watafiti wao wa usumba huko Kerala walitengeneza mchanganyiko wa bakteria unaopunguza miezi kumi ya kuvundika hadi kama mitatu. Lakini huko Kerala pia maji ya mashimo, yenye fenoli nyingi, yameharibu mazalia ya samaki. Na Mafia kwenyewe, Ghuba ya Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia tangu 1995; atakayetaka kufukia makumbi pale aeleze kwanza maji yake yataelekea wapi.