Sharti Lifuatalo Ardhi: Paneli za Sola na Vyama vya Wamiliki wa Nyumba Marekani

Anayenunua nyumba katika mitaa mingi mipya ya California, Texas au North Carolina hanunui kiwanja na kuta peke yake. Pamoja na hati hupewa waraka mrefu uliosajiliwa na aliyeujenga mtaa huo: rangi za nje zinazokubalika, urefu wa uzio, na vitu visivyotakiwa kuonekana juu ya paa. Msimamizi wa waraka huo ni chama cha wamiliki wa nyumba. Mnunuzi huwa mwanachama kwa kununua tu, apende asipende, na akikiuka anaweza kutozwa faini.

Wanaotafsiri nyaraka hizi kwa Kiswahili huandika “kanuni za chama”. Sikubaliani nao. Kanuni za chama humbana mwanachama, na akijitoa zimeachana naye. Hapa hakuna kujitoa. Akifa, zinambana mrithi. Akiuza, zinamsubiri mgeni mlangoni. Ndiyo maana napendekeza “sharti lifuatalo ardhi”. Msomaji wa Tanzania tayari anayajua masharti ya hati yanayotokana na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ingawa hayo huwekwa na serikali, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Ya Marekani yameandikwa na mfanyabiashara, kisha yakarithiwa na majirani.

Tukilielewa hivyo, sheria za sola nazo zinasomeka. Sheria ya Haki za Sola ya California, ya mwaka 1978, haikuanza kwa kumpa mwenye nyumba kibali. Ililigusa sharti lenyewe: likizuia sola, ni batili. Chama kimebakiziwa “vizuizi vya kiasi” tu, na kwa bahati nzuri bunge la jimbo halikuliacha neno kiasi lielee. Kwa paneli za umeme, kizuizi kinachoongeza gharama kwa zaidi ya dola 1,000, au kupunguza ufanisi kwa zaidi ya asilimia 10, si cha kiasi tena. Kabla ya marekebisho yaliyoanza kutumika 2015, viwango vilikuwa dola 2,000 na asilimia 20. Ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 45 huhesabiwa limekubaliwa, isipokuwa chama kilikuwa kimeomba maelezo zaidi yenye msingi. Naiona kazi hii ya kulipa neno vipimo kuwa ya thamani kuliko kifungu kingine chochote humo, maana bila vipimo mwenye nyumba angelazimika kwenda mahakamani kila mara.

Florida imepima kwa dira. Chama kinaweza kuchagua mahali pa paneli juu ya paa, lakini ndani ya upande wa kusini au nyuzi 45 mashariki au magharibi yake, na bila kuharibu utendaji wake. Kwa fundi wa sola wa Nairobi au Mwanza, aliye karibu na ikweta, kusini si jambo kubwa. Florida, jua hupita upande huo karibu mwaka mzima.

Tahadhari moja kuhusu neno “haki ya jua”, ambalo baadhi hulitumia kwa jumla: kuna haki ya kufunga paneli, na kuna haki ya mwanga wenyewe kufika bila kukingwa na mti wa jirani. Ni mambo mawili, na sheria zake ni tofauti.

Huko Raleigh, North Carolina, chama kilitaka paneli zilizoonekana kutoka barabarani ziondolewe. Waraka wa mtaa haukuzitaja paneli. Chama kilitegemea kifungu cha jumla cha kuidhinisha mwonekano wa nje. Mahakama za chini zilikiunga mkono. Mwaka 2022 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ilitengua uamuzi huo na kuwapa ushindi wenye nyumba. Lakini sheria ya jimbo hilo bado inaruhusu sharti linalokataza paneli kwenye upande unaotazama barabara, mradi waraka uwe umesema hivyo waziwazi. Kwa hiyo anayenunua huko leo na atafute kifungu kinachotaja sola kabla hajatia saini.