Hisani ya Mwizi na Haki ya Mwenye Mali: Mfano wa Vigango vya Wagiriama

Miongoni mwa methali za Kiswahili mna mbili ambazo wahakiki hawazikutanishi mara nyingi. Ya kwanza yasema wema hauozi. Ya pili, za mwizi ni arobaini. Ile ya kwanza humwahidi mtenda mema kwamba tendo lake halitapotea, na hii ya pili humwahidi mwizi kwamba lake nalo halitapotea. Je, mtenda mema na mwizi wakiwa mtu mmoja, ni ipi kati ya methali hizi itakayomhukumu? Makala haya yananuia kulijadili swali hilo, si kwa kutegemea kisa cha kubuni, bali kwa kuangalia mkasa wa kihistoria uliowapata Wagiriama na majirani zao wa Kimijikenda: wizi wa vigango.

Yafaa tuanze na fasihi, kwani huko ndiko mwizi mwema alikopewa sifa zake. Katika masimulizi ya mataifa mengi yumo jambazi anayewanyang'anya matajiri na kuwagawia maskini. Hata katika fasihi ya Kenya, msomaji wa *My Life in Crime* ya John Kiriamiti, iliyotoka mwaka 1984, hujikuta akimtakia heri mnyang'anyi kuliko anavyomtakia polisi. Ukichunguza kisa cha namna hiyo utaona kwamba huruma ya msomaji hupatikana kwa hila moja ya kisanaa: mwenye mali hana sura. Ni benki, au ni bwana fulani mwenye kitambi aliyeumbwa ili aibiwe. Hana mama, hana deni, hana marehemu wa kuombolezwa. Ilhali mwizi amepewa utoto, njaa, na siku ile aliyomsaidia kikongwe. Hisani yake haipimwi dhidi ya hasara ya mtu yeyote, kwa sababu aliyepata hasara hakuandikwa. Victor Hugo, katika *Les Misérables* (1862), alilitambua jambo hili kuliko wengi waliomfuata. Pale fedha za askofu zinapoibwa, anayetenda hisani ni askofu mwenyewe, yaani mwenye mali, naye anazo sura na sauti.

Sasa tuje Kakuyuni. Njia itokayo Malindi kuelekea Jilore, Langobaya na lango la Sala la mbuga ya Tsavo hupita hapo, na msafiri huacha nyuma yake hoteli za pwani na maduka ya vinyago, akaingia katika nchi ya Wagiriama kwa mwendo usiofika hata saa moja. Ukaribu huu una maana. Katika nchi hii, mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha watu wenye hadhi na mali, alipofariki alistahiki kuchongewa kigango. Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyosimama wima, yenye kichwa cha duara au cha umbo la mtu, na kiwiliwili kilichonakshiwa kwa pembetatu nyingi. Aghalabu marehemu mwenyewe ndiye aliyekidai: humjia mmoja wa jamaa katika ndoto, au maradhi yakaingia mjini, na mganga akabaini kwamba koma anataka kukumbukwa. Kikishasimikwa hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo la mnazi. Tangu hapo hakihamishwi. Watu wa mji wanaweza kuhama kutafuta mashamba mapya; kigango hubaki.

Hebu msomaji aishike kanuni hiyo ya kutohamishwa, kwa maana utetezi wote wa wezi wa vigango ulijengwa juu ya kutoielewa, au kujifanya kutoielewa.

Mwaka 1985 mtaalamu wa anthropolojia kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru katika wilaya ya Kilifi ya wakati ule, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Haukupita muda mrefu vigango hivyo vikaibwa. Mzee alifariki miaka michache baadaye bila ya kuviona tena. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Kiafrika huko Marekani, Udvardy alikiona kimojawapo katika slaidi zilizokuwa zikionyeshwa na mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Illinois State. Cha pili kilikuja kugunduliwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Uchunguzi wao pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa kulikuwa na mamia ya vigango katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Tusisahau hayo ni majumba tu. Vilivyomo katika sebule za watu binafsi havina daftari.

Vilifikaje huko? Hapa ndipo hisani inapoanza kujitokeza, tena si moja.

Aliyeking'oa kigango usiku kwa kawaida hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa mumo humo, aliyejua mji upi umehamwa na njia ipi haina mbwa. Ukame wa mwaka 1984 ulikuwa umeacha maghala matupu katika sehemu nyingi za Kenya, na katika miji ya pwani palikuwa na wanunuzi wasiouliza maswali. Ni rahisi kumdhania kijana huyu akinunua unga kwa fedha alizopata, au akimlipia mamaye matibabu. Hatuna sababu ya kumnyima wema huo. Lakini tukiukubali, hatuna budi pia kuuliza ni nani aliyeulipia. Ulilipiwa na koma wa mtu mwingine, na na jamaa za koma huyo ambao, kwa imani yao, walibaki kuulizana kwa nini watoto wanaugua na mvua inawapita. Familia ya Mwakiru yenyewe iliueleza wizi ule kuwa chanzo cha masaibu yaliyoiandama. Asiyeamini koma anaweza kutabasamu. Hata hivyo, hofu iliyoingia nyumbani ilikuwa hofu halisi, na mwizi, kwa kuwa ni Mgiriama, aliijua vyema kuliko mnunuzi.

Mfanyabiashara naye alikuwa na hisani yake, na yeye aliisema kwa lugha ya kitaalamu: vigango vilikuwa vimetelekezwa, vitaliwa na mchwa, na kwa hiyo kuvichukua ni kuviokoa. Hoja hii si ngeni. Watetezi wa Lord Elgin wameitumia kwa takriban karne mbili kuhusu mawe ya Parthenon. Kwa upande wa vigango ina kasoro mbili. Kwanza, mji uliohamwa si mji uliotelekezwa, kwa kuwa kuhama na kukiacha kigango ndiyo heshima yenyewe. Pili, mchongaji aliteua mti mgumu usioshindwa upesi na mchwa, na alijua pia kwamba siku moja utashindwa. Kigango huruhusiwa kuzeeka. Hakuna aliyeomba kiokolewe na uzee.

Zingatio letu kubwa, hata hivyo, ni mtu wa tatu, mtoa zawadi. Vigango vingi havikununuliwa na majumba ya makumbusho bali vilitolewa bure na matajiri waliovinunua. Vile 30 vya jumba la makumbusho la Denver vilitoka kwa watu wawili wa tasnia ya filamu ya Hollywood mwaka 1990. Jumba lilipokea, likashukuru, likaandika majina yao katika kumbukumbu zake. Zawadi ya namna hii, kwa sheria za Marekani, inaweza pia kumpunguzia mtoaji kodi ya mapato. Lakini tuliache hilo, tuchukulie kwamba moyo ulikuwa safi. Je, zawadi safi huisafisha mali?

Wasimulizi wa pwani walikwisha kulijibu swali hili katika kisa cha Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Alipoazima tena hakurudisha, akasema sufuria imekufa; na jirani alipolalamika, akaulizwa ilikuwaje aliamini kuzaa asiamini kufa. Kwa kawaida kisa hiki husomwa kama ushindi wa mjanja dhidi ya mwenye tamaa. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Kisufuria kile ni hisani, tena hisani ya kweli, kwa kuwa jirani alikipata. Ila kazi yake katika muundo wa kisa ni kumfanya mpokeaji awe mshirika wa uongo. Aliyekubali zawadi isiyo na asili amejifungia mlango wa kuuliza. Jumba la makumbusho lililopokea kigango bila kuuliza kilitoka katika mji upi, kwa ridhaa ya nani, limemeza kisufuria. Tofauti ni kwamba katika kisa cha Abunuwasi anayepoteza ni yule yule aliyemeza, ilhali katika mkasa huu mpotezaji alikuwa Kilifi, hakualikwa hata kwenye hafla ya kupokea zawadi.

Mafundisho ya Kiislamu, ambayo yameathiri pakubwa fikra za Waswahili majirani wa Wagiriama, yanalitenganisha jambo hili kwa makini ambayo mhakiki wa fasihi anaweza kuyaazima. Sadaka itokayo katika mali ya haramu haikubaliwi. Na toba ya dhambi inayogusa haki za waja haitimii kwa majuto na ibada peke yake. Sharti haki irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe. Kwa maneno mengine, mwenye kusamehe ni aliyedhulumiwa. Masikini aliyelishwa na mwizi hawezi kumsamehe mwizi kwa niaba ya aliyeibiwa, hata akila akashiba akaomba dua. Kwa hiyo methali zetu mbili hazigongani. Wema hauozi, naam, nao utahesabiwa kwa yule aliyetendewa. Wizi utahesabiwa kwa yule aliyeibiwa. Ni hesabu mbili, na fasihi ya mwizi mwema huzichanganya kwa kulifuta jina la mdai mmoja.

Kuna jambo moja linalonisumbua kila nikisoma habari za Hampton. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya kuwaelimisha Wamarekani weusi waliotoka utumwani, yaani wazao wa watu walioibwa Afrika. Kukusanya sanaa za Kiafrika kulikuwa, kwa chuo kama hicho, tendo la mapenzi: njia ya kujishika na mizizi iliyokatwa. Ni nani atakayeiita nia hiyo ovu? Lakini waliohifadhiwa humo kwa mapenzi walikuwa wahenga wa watu wengine, waliosafirishwa bila ridhaa kuvuka bahari ile ile. Nafikiri katika mkasa wote huu hapa ndipo hisani ilipokuwa na uzito mkubwa zaidi, na hapa ndipo inapodhihirika kwamba uzito wa hisani si kigezo. Hampton ilikirudisha kigango chake. Mwaka 2007 vigango vyote viwili vilikabidhiwa familia ya Mwakiru, miaka takriban 22 tangu kuibwa.

Kurudisha, basi, si hisani. Tuliiita hivyo katika magazeti, na picha zikapigwa za watu wakipeana mikono, lakini kumrudishia mtu chake ni kulipa deni. Tofauti hii ya msamiati si ndogo. Anayetenda hisani hungoja shukrani, na anayelipa deni hungoja kuambiwa limekwisha.

Na hata kulipa kumekuwa kugumu. Denver iliamua kuvirudisha vigango vyake 30 mwaka 2014, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha vingine 37 mwaka 2023. Vilipokelewa na Makumbusho ya Taifa, si na familia, kwa sababu familia hazijulikani. Vile viwili vya Mwakiru vilitambulika kwa kuwa palikuwa na picha ya mwaka 1985 na mtu aliyekumbuka kuipiga. Vingine vilipong'olewa viling'olewa pamoja na majina yao: mwizi hakuyataka, mfanyabiashara hakuyauliza, mtoa zawadi aliweka lake badala yake. Kimoja chaweza kuwa cha mji fulani wa Kaloleni, kingine cha Ganze, kingine cha hapa hapa Kakuyuni, ambako shimo lake limefukiwa na mahindi yamepandwa juu yake. Kwa sasa kina namba, na anayeweza kusamehe bado hajapatikana.